Wiki Sita za Kwanza za Nyasi Mpya

Kipande cha nyasi kinapokatwa shambani, sehemu kubwa ya mizizi yake hubaki kule kule kilikotoka. Kinachopakiwa kwenye lori ni majani, vikonyo, na tabaka la udongo lenye unene wa sentimita 2 au 3 lililojaa mizizi iliyokatika. Kinafika nyumbani kikiwa kijani, kinatandazwa, na uwanja uliokuwa vumbi asubuhi unageuka bustani kabla ya alasiri. Ukijani huo ni wa akiba. Mmea unaishi kwa maji uliyokuja nayo, na kwa muda wa wiki mbili hivi hauna uwezo wa kutafuta mengine chini, unategemea unayoletewa.

Hapo ndipo bustani nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Arusha zinapopotea. Mwenye nyumba amelipia nyasi, amelipia lori, amelipia mafundi wa kutandaza, kisha wiki sita zinazofuata zinaachiwa yeyote aliye karibu na bomba. Mwezi wa pili mabaka ya kahawia yanajitokeza, lawama zinamwangukia muuzaji, na fedha nyingine zinatoka kununua vipande vya kuziba. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Nyasi zilifika hai. Hazikupewa nafasi ya kuteremsha mizizi. Kila hatua iliyomo humu, kuanzia kumwagilia hadi kukata, ipimwe kwa swali moja: je, mizizi inashuka?

Lori likiwa bado getini

Nyasi zilizokunjwa na kurundikwa zinaendelea kupumua, na joto la kupumua huko halina pa kutokea. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza unafanyika kabla mzigo haujashushwa. Penyeza mkono hadi katikati ya rundo. Uvuguvugu wa jua ni jambo la kawaida. Joto kali linaloambatana na harufu ya kuchacha, huku majani ya katikati yakiwa yamegeuka manjano, maana yake nyasi zimeanza kuoza zikiwa njiani, na muuzaji aambiwe hapo hapo.

Zilizokatwa alfajiri zitandazwe siku hiyo hiyo. Kazi ikionekana haitaisha kabla ya giza, vipande vilivyobaki vikunjuliwe kivulini, vipangwe kimoja kimoja na kunyunyiziwa maji kidogo. Wanaonunua kwa gunia, kama ilivyo kawaida mitaa mingi, wawe na haraka zaidi, kwa sababu vipande vya kwenye gunia vimekatwakatwa kwa jembe na mizizi yake iko wazi pande zote.

Udongo unaopokea nyasi uwe umetifuliwa sentimita 10 hadi 15, umechanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri, umesawazishwa kwa reki, na umelowa. Neno la mwisho ndilo linalosahaulika. Mchanga mkavu wa pwani ukitandaziwa nyasi huzinyonya maji kutoka chini badala ya kuzipa. Mwagilia eneo siku moja kabla, na asubuhi ya kazi lilowanishe tena bila kulifanya tope.

Kisha kuna utaratibu ambao mafundi wengi hawaufuati hadi wasimamiwe: maji yaanze kumwagwa kwenye vipande vya kwanza wakati vya mwisho bado vinapangwa. Mtaa wa Goba au Bunju mwezi wa Februari, saa sita mchana, kipande kilicholala juani bila maji kwa saa mbili tayari kimejeruhiwa. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni mpira wa maji tu.

Viungio kati ya vipande vibanwe vigusane pasipo kupandana, na nyufa zote zijazwe mchanga uliochanganywa na mboji. Baada ya hapo vipande vikandamizwe, iwe kwa roli dogo la bustani au kwa kutembea juu ya mbao pana. Shabaha ni kuondoa hewa iliyokwama chini. Mzizi mpya ukikutana na uwazi hukauka hapo hapo. Ukikutana na udongo unyevu huingia.

Nyasi zina kabila na tabia

Huwezi kutunza nyasi usizozijua. Ukanda wa pwani watu wengi hupanda moja kati ya aina tatu. Ya kwanza ni nyasi za Pemba, zenye majani mapana yaliyolala, mmea wa asili wa pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi. Hizi ndizo zinazovumilia kivuli kuliko nyingine. Ya pili ni paspalamu, nyasi laini zinazostahimili maji ya chumvi. Ndizo zilizotandazwa kwenye viwanja vya Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, nchi ambako jua ni kali na maji matamu ni adimu. Ya tatu ni ukoka, ambao hutaka jua la siku nzima na hupona haraka ukikanyagwa.

Nyanda za juu, kuanzia Limuru na Nairobi hadi Arusha, Lushoto na Iringa, zinazotawala ni nyasi za Kikuyu. Hapo ziko kwao. Zimeota kwa karne nyingi kwenye miinuko ya baridi ya Afrika Mashariki, na kutoka huku zimesambaa duniani. Mbegu zake zilipelekwa Australia kutoka Kongo mwaka 1919, na leo zinafunika malisho na viwanja vya michezo huko na Afrika Kusini. Zinatambaa juu na chini ya ardhi kwa nguvu ya ajabu. Anayezipanda lazima akubali kukata kingo mara kwa mara, la sivyo zitaingia kwenye mboga na maua.

Majina ya sokoni hubadilika kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine. Kabla ya kulipa, omba uoneshwe bustani iliyokwisha kukomaa kwa nyasi zile zile, uzikanyage, uzishike. Jambo hilo linasaidia kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye risiti.

Maji: hesabu kabla ya mpira

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Hesabu hii ndogo inatatua mabishano mengi. Katika joto la pwani, nyasi mpya zinahitaji milimita 5 hadi 6 kwa siku katika wiki mbili za mwanzo. Bustani ya mita 100 za mraba, yaani mita 10 kwa 10, itakula lita 500 hadi 600 kila siku. Ni madumu 25 hadi 30 ya lita 20. Ambaye bomba lake linatoka mara mbili kwa wiki na tangi lake ni la lita 1,000 ajue hilo kabla ya kuagiza nyasi, maana familia nayo inapika, inafua na kuoga kwa tangi lile lile. Kama maji hayatoshi, ni busara kutandaza nusu ya uwanja msimu huu na nusu nyingine msimu ujao.

Kupima kasi ya mpira ni kazi ya dakika chache. Jaza ndoo ya lita 20 ukiwa na saa mkononi. Ikijaa kwa dakika 2, mpira unatoa lita 10 kwa dakika, na lita 500 zitachukua dakika 50. Wengi wakifanya jaribio hili hugundua kwamba yale maji ya "kila siku" yalikuwa robo ya mahitaji. Kwa kinyunyizio cha kuzunguka, weka makopo manne ya mdomo ulionyooka sehemu mbalimbali za uwanja, acha kizunguke nusu saa, kisha pima kina cha maji kwa rula. Makopo hayatalingana. Lililo upande upepo unakotoka litakuwa na maji machache kuliko mengine, na kwa Dar es Salaam wakati wa kusi tofauti hiyo ni kubwa.

Siku 10 za kwanza gawa maji mara mbili: mengi saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na kiasi kilichobaki mnamo saa nane mchana, jua likiwa kali. Kila asubuhi, kabla ya kufungua bomba, inua pembe ya vipande viwili au vitatu katika sehemu tofauti. Chini pawe na unyevu unaoshikamana na vidole. Pakiwa pakavu, ongeza. Pakiwa na tope linaloteleza na harufu ya kuvunda, punguza, kwa sababu mzizi unahitaji hewa kama unavyohitaji maji. Makosa ya pili ni ya kawaida kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, ambao huingiza maji polepole na kuyashika muda mrefu. Huko maji yatolewe kwa awamu: dakika chache, pumziko la nusu saa, kisha tena.

Kumwagilia usiku kunapendwa na wanaorudi kazini wamechelewa, nako kunaleta ukungu. Majani yakilala yamelowa kwa muda wa saa kumi na zaidi kwenye joto la pwani, mabaka ya mviringo yenye kingo za kahawia huanza kutokea. Asiye na muda wa asubuhi amwagilie saa kumi jioni, majani yapate kukauka kabla ya magharibi.

Ikiwa maji ni ya mgao, kuna mahali pa kutangulizwa. Kingo zinazopakana na zege, ukuta au sakafu ya magari hukauka kwanza, kwa kuwa zege hushika joto na kulitoa upande wa nyasi hadi usiku. Viungio vya vipande vinafuata. Katikati ya uwanja panaweza kusubiri.

Maji ya kisima yanahitaji tahadhari ya pekee. Visima vingi vilivyo karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach au Bamburi, vina chumvi. Dalili zake ni ncha za majani kuwa za kahawia ingawa udongo umelowa, na unga mweupe kubaki juu ya ardhi ikikauka. Paspalamu iliyokomaa huvumilia. Mizizi michanga ya nyasi yoyote huvumilia kidogo sana. Kwa wiki tatu za mwanzo jitahidi kuchanganya maji ya kisima na ya bomba au ya mvua. Na usinyunyize kidogo kidogo, kwa sababu maji hupanda hewani na chumvi hubaki kwenye mizizi. Maji mengi kwa mkupuo huisukuma chumvi ishuke chini.

Kupunguza kwa wakati

Mnamo siku ya 14, shika nyasi kwa kiganja na uvute juu taratibu. Kipande kikiinuka kizima kama mkeka, mizizi bado. Kikishikilia ardhi kwa upinzani unaousikia mkononi, imeanza kushuka. Pwani wakati wa joto jibu zuri linaweza kuja kabla ya wiki tatu. Nairobi au Lushoto kati ya Juni na Agosti, kwenye baridi, mara nyingi huchukua wiki nne na zaidi.

Siku kipande kinapogoma kuinuka ndiyo siku ya kuanza kupunguza, na hapa ndipo utunzaji unapotaka ujasiri. Mtu aliyezoea kumwagilia kila asubuhi na kuona nyasi zinang'aa haoni sababu ya kuacha. Lakini mzizi hufuata maji. Yakipatikana kila siku juu juu, utabaki juu juu, na siku mgao utakapokatisha maji kwa siku tatu bustani nzima itakunjamana. Katika wiki ya tatu na ya nne mwagilia siku moja na kuacha moja, ila kila mara utoe milimita 10, yaani lita 10 kwa kila mita ya mraba. Wiki ya tano na ya sita iwe mara mbili kwa wiki, milimita 15 kila mara. Baadaye, kwenye mchanga wa pwani, ratiba ya mara mbili itaendelea wakati wa jua kali. Kwenye udongo mzito mara moja hutosha.

Katikati ya ratiba hiyo, nyasi zenyewe zitasema. Kuanzia wiki ya nne, tembea juu yake jioni. Alama za nyayo zikibaki zimelala na rangi ikielekea kijivu cha bluu, zina kiu. Majani yakisimama tena haraka, bado zina maji, hata kama ratiba inasema ni siku ya kumwagilia. Manjano ndiyo inayowachanganya watu, kwa kuwa huletwa na kiu na huletwa vilevile na maji kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia bomba, chimba kwa kisu sentimita 5 na uguse udongo.

Miguu, viti na mahema

Kwa wiki tatu bustani isikanyagwe isipokuwa na anayeimwagilia, naye akanyage mbao. Watoto, mbwa, mpira, na gari linalogeuza kwenye kona, vyote visubiri. Mguu mmoja kwenye udongo uliolowa hubonyeza shimo ambalo litabaki hapo miezi, na huvunja mizizi iliyoanza kutoka siku ile.

Ombi ambalo mafundi hulisikia kila msimu ni la sherehe. Familia inaoza binti Jumamosi, na inataka nyasi zitandazwe Jumatano ili wageni wakute kijani. Inawezekana, na picha zitapendeza, ila familia ijue inachonunua. Hema kubwa likisimama siku tatu huzuia mwanga. Miguu ya viti 300 hutoboa, wapishi humwaga maji ya moto na mafuta, na vipande visivyo na mizizi huteleza chini ya wanaocheza ngoma. Chaguo bora ni kutandaza baada ya sherehe. Isipowezekana, mwagilia kwa wingi hadi Alhamisi asubuhi kisha uache, udongo upate kukaza. Weka plaiwudi chini ya meza za chakula na jukwaa. Pangia njia za kupita. Na hema liondolewe Jumapili asubuhi, bila kungoja wiki iishe. Jumapili hiyo hiyo kandamiza upya vipande vilivyohama na umwagilie kama ndiyo siku ya kwanza.

Mkato wa kwanza

Nyasi zisikatwe hadi zimepita jaribio la kuvuta. Kisha kanuni ni kuondoa theluthi moja ya urefu, basi. Nyasi za Pemba zikae sentimita 5 hadi 7. Kikuyu 3 hadi 5. Paspalamu na ukoka 2 hadi 4. Zikishafika sentimita 9 kwa Pemba au 6 kwa Kikuyu, wakati umefika. Jani ndilo linaloipikia mizizi chakula kwa jua, na anayekata hadi kwenye vikonyo ili "zikae muda mrefu kabla ya kukatwa tena" anaunyima mzizi chakula katika wiki unazokihitaji zaidi.

Fyekeo lisitumike mara ya kwanza. Pigo lake huvuta kabla ya kukata, na kipande kilichoshika nusu hung'oka. Mashine ya begani inayokata kwa uzi wa nailoni nayo ni hatari mikononi mwa asiye mzoefu, kwani huchimba vipara kwenye kila kilima kidogo. Mashine ya kusukuma, nyepesi, yenye kisu kilichonolewa, ndiyo salama. Maji yasimamishwe siku moja au mbili kabla, ardhi iwe ngumu kubeba magurudumu na majani yawe makavu.

Siku inayofuata, piga magoti na utazame ncha za majani kwa karibu. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka, ya kijani. Kisu butu huchana, na ncha hizo huonekana zina nyuzinyuzi nyeupe ambazo baada ya siku mbili huwa kahawia, hadi uwanja mzima unaonekana umefifia. Wengi hudhani ni ugonjwa au njaa na kumwaga mbolea. Kinachohitajika ni tupa la kunolea.

Chakula

Kama udongo uliandaliwa kwa samadi na mbolea ya kupandia kama DAP, nyasi hazihitaji kingine kwa wiki nne hadi sita. Mbolea ya kukuzia ikiwekwa mapema huchochea majani mengi juu ya mizizi michache, tena chumvi zake huunguza mizizi michanga.

Wiki ya sita, kilo 2 za mbolea ya CAN zinatosha mita 100 za mraba, au kilo 1 ya urea, ambayo ina naitrojeni nyingi zaidi, asilimia 46. Kiasi hicho kinaonekana kidogo kwenye ndoo na ndiyo maana watu hukizidisha. Kigawe mara mbili: nusu imwagwe kwa kutembea mashariki hadi magharibi, nusu kaskazini hadi kusini, hapo hutapata mistari ya kijani kilichokolea kati ya mistari ya manjano. Majani yawe makavu wakati wa kumwaga, na maji yafuate papo hapo. Urea iliyoachwa juani juu ya nyasi hupotea hewani, na inayobaki kwenye jani lenye umande huacha doa la kuungua.

Samadi mbichi kutoka zizini isikaribie nyasi. Inaunguza, na inaleta mbegu za magugu yote ambayo ng'ombe alikula.

Ndago, viwavi na mchwa

Kati ya magugu, ndago ndiyo inayostahili hofu. Ukiing'oa, jani hubaki mkononi na kitunguu chake hubaki chini, nacho huchipua upya na kuzaa vingine. Vita yake hupiganwa kabla ya kutandaza: mwagilia udongo mtupu wiki mbili au tatu, ngoja ichipue, uichimbue kwa koleo pamoja na vitunguu vyake, kisha urudie. Aliyetandaza juu yake bila kufanya hivyo atumie kisu chembamba kirefu, achimbue mmea mmoja mmoja ungali mchanga, kila wiki, bila kuchoka. Dawa za magugu, hata zile zinazochagua, zisipigwe kwenye nyasi zisizotimiza miezi miwili. Glaifoseti haichagui, itaua magugu na nyasi pamoja.

Wadudu hufichuliwa na ndege. Kunguru au yangeyange wakishinda wanadonoa sehemu moja, kuna kitu wanakula. Jaribio la sabuni halina gharama: vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya lita 10, mwaga taratibu juu ya mita 1 ya mraba, na usubiri dakika 10. Viwavi walio kwenye nyasi watapanda juu. Mmoja au wawili si neno; kumi na zaidi ni vita. Viwavi jeshi hula usiku, hasa baada ya mvua za kwanza zinazofuata ukame, na wanaweza kuacha uwanja kama umelishwa mbuzi. Hapo duka la pembejeo litatoa dawa inayofaa, nayo ipigwe jioni wanapotoka kula. Nyasi zenye mizizi zitachipua tena, na zisizo na mizizi zitakufa.

Mchwa huja panapokauka. Kwenye bustani inayomwagiliwa sawasawa, mchwa kwa kawaida hukimbilia kingo na sehemu ambazo maji hayafiki, kwa hiyo kichuguu kidogo kikionekana, anza kwa kuweka kopo la kupimia maji mahali pale.

Chini ya mwembe

Kivuli kizito hakishindwi kwa mbolea wala kwa maji. Mahali panapopata jua chini ya saa nne kwa siku, hata nyasi za Pemba hudhoofu, na chini ya mwembe mkubwa mizizi ya mti hunywa maji yote kabla ya nyasi. Kupogoa matawi ya chini husaidia kiasi. Zaidi ya hapo ni heri kuacha duara chini ya mti, kulijaza kokoto au majani makavu na kuweka benchi. Bustani nyingi nzuri zaidi za pwani zimefanya hivyo tangu zamani, na hakuna anayeona pana pengo.

Majira

Wakati mzuri wa kutandaza ni mvua zinapoanza kutulia: mwishoni mwa masika, Mei, au katikati ya vuli, Novemba. Katikati ya masika mvua kubwa huvibeba vipande kwenye miteremko. Huko vishikiliwe kwa vijiti vya mwanzi viwili kila kipande, na vipangwe kukingama na mteremko.

Zilizotandazwa Mei zitakutana na kiangazi cha kwanza zikiwa na miezi michache tu. Kuanzia Julai inua kisu cha mashine sentimita 1, mwagilia kwa nadra na kwa kina, na usiweke naitrojeni hadi vuli ianze. Rangi ikififia Septemba, usishtuke: vuta kipande kama ulivyovuta siku ya 14. Kikiwa kimeshika, kikonyo chini ni cheupe na kigumu, mmea umepumzika tu. Mvua ya Oktoba ikishanyesha mara mbili au tatu, sawazisha mabonde madogo kwa mchanga uliochekechwa, usiozidi sentimita 1 kwa mara moja, uupige kwa reki hadi ncha za majani zionekane, na hapo ile CAN ya kilo 2 kwa mita 100 za mraba inaweza kurudi.